Tabo ya bileti kwenye Hilux 3.0 D-4D: inapanda Mto wa Mbu vizuri, inasinzia kwenye vibao vya 50

Tabo (pampu inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa) tunayoipima hapa ni CT16V iliyoongezwa nguvu, ya Hilux Vigo yenye injini ya 1KD-FTV, ile 3.0 D-4D ya cc 2,982. Kwa nje huioni tofauti: hausingi (ganda lake) ni ileile, mota ya umeme inayoiongoza ni ileile, mabomba yote yanakaa palepale. Kilichobadilika ni ndani. Gurudumu la hewa la kiwandani, ambalo ni la kumiminwa, limetolewa. Mahali pake limewekwa la bileti, yaani lililochongwa kwa mashine kutoka kipande kimoja cha aluminiamu, na kipenyo chake kimezidi kwa milimita chache. Hausingi ya upande wa hewa imekerezwa ili gurudumu hilo lienee.

Tuanze na hukumu. Hilux inayobeba mzigo kila siku, inayovuta tela, au inayopandisha watu Karatu na kuendelea juu, tabo hii inalipa. Hilux inayotoka Njiro kwenda mjini, ikapita Sakina, ikarudi nyumbani, itakuwa nzito zaidi kuliko ilivyokuwa, na mwenyewe atalalamika kwamba ameuziwa tabo mbovu wakati tabo ni nzima. Na kwa gari lolote kati ya hayo mawili, kama injini haijasafishwa njia ya oili kwanza, tabo hii itakufa kama ilivyokufa ile iliyotangulia. Hilo la oili tutalirudia kwa kirefu, kwa sababu ndiko pesa nyingi zinakopotea.

Kwanza suala la mwinuko, maana ndilo linaloitetea tabo hii kwa watu wa huku kuliko kwa mtu wa Dar. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya pwani ina presha ya kPa (kilopaskali) 101. Ya Arusha ni kama 86, ya Moshi mjini kama 91, na ukingoni mwa Ngorongoro, mita 2,300 hivi, inabaki karibu 77. Sensa ya presha kwenye 1KD inapima presha kamili, siyo ile ya ziada inayoonekana kwenye geji ya kubandika. Kwa hiyo kompyuta ikitaka kPa 220 ndani ya manifodi ya hewa inayoingia, tabo ya Dar inaongeza 119, sawa na PSI 17. Tabo ya Arusha lazima iongeze 134, zaidi ya PSI 19. Juu Ngorongoro ingelazimika kuongeza 143, karibu PSI 21. Ukigawanya, tabo ya Dar inaikandamiza hewa mara 2.2, ya Arusha mara 2.6, ya Ngorongoro karibu mara 2.9.

Maana yake ni kwamba gari lilelile, kwa mguu uleule, huku kwetu linaizungusha tabo kwa kasi zaidi, na hewa inatoka ya moto zaidi. Shafti ya tabo hii ikiwa kazini inapita mizunguko 100,000 kwa dakika, kwa hiyo kila nyongeza inaumiza. Kompyuta inajua hilo, na kwenye mwinuko inapunguza lengo lake ili kuilinda tabo; ndiyo sababu gari linalovuta vizuri likiwa Himo linaonekana limechoka likifika Karatu. Gurudumu kubwa linasukuma hewa ileile kwa mizunguko michache. Hiyo ndiyo faida yake halisi, na ni faida ya maisha ya tabo kabla haijawa faida ya mwendo.

Barabarani, kipande kinachoionyesha vizuri ni kutoka Mto wa Mbu kupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Gari lenye mzigo hapo linavuta muda mrefu, upepo unaoingia kwenye rejeta ni mdogo, na intakula ya Vigo, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye tabo, imekaa juu ya injini, inategemea tundu la boneti. Tabo ya kiwandani inafika mahali ukikanyaga zaidi huongezi kitu ila moshi na joto. Ya bileti inaendelea kujaza kuanzia kama mizunguko 2,200 ya injini mpaka 3,500. Unabaki na gia ya tatu pale ambapo ungerudi ya pili, na geji ya joto la ekzosi inatulia.

Sasa njoo barabara ya Arusha kwenda Moshi. Tengeru, Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, mpaka Bomang'ombe, ni kibao cha 50 baada ya kibao cha 50, na tochi ya trafiki inaweza kuwa nyuma ya mti wowote. Kwa spidi 50 gia ya nne, injini ya Vigo haifiki mizunguko 1,500. Tabo ya kiwandani imeshaamka hapo. Torki yake kamili ya Nm 343 inaanza karibu na 1,400. Ya bileti kwa kawaida inachelewa kwa mizunguko 200 hadi 300. Ukitoka kwenye kibao ukakanyaga, gari linakutazama kwanza. Dawa ni kurudi gia ya tatu kabla ya kukanyaga, na asiyetaka kubadilisha gia mara kwa mara atachoka nayo ndani ya wiki. 

Ukichagua, chagua gurudumu lililozidi kidogo. Muuzaji atakayekwambia ile kubwa kabisa ndiyo bora, muulize gari la mfano linabeba nini na linashinda wapi. Gari la mashindano halisimami Kikatiti kupakia ndizi.

Kuna jambo moja ambalo matangazo hayasemi. Tabo peke yake haiongezi nguvu kubwa. Dizeli inapata nguvu kwenye mafuta. Hewa inayafanya tu yaungue yote. Ukifunga tabo hii na kuiacha programu ya kompyuta kama ilivyo, utapata moshi mweusi karibu na sifuri, ekzosi yenye joto la chini na injini inayopumua kwa urahisi mlimani. Hilo linatosha kwa gari la kazi. Ukitaka farasi zaidi lazima programu irekebishwe, na hapo funga geji ya joto la ekzosi kabla ya kumruhusu mtu yeyote aguse kompyuta. Kihisi chake kikae kwenye manifodi ya ekzosi, kabla ya tabo, kwa sababu baada ya tabo joto linakuwa limeshashuka na geji itakudanganya. Panda mlima ukiitazama. Ikikaa juu ya nyuzi 700 bila kushuka, toa mguu, na mwambie aliyekutengenezea programu apunguze mafuta. Pistoni za 1KD zina historia ya kupasuka, na joto la muda mrefu linaharakisha.

Sasa oili.

Tabo nyingi za 1KD zinazotupwa hazikufa kwa ubovu wake. Zilikosa oili. Chanzo kiko mbali na tabo: ni washa (pete bapa) za shaba zinazokaa chini ya injekta. Zikichoka, gesi ya mwako inapenya pembeni ya injekta, inapanda mpaka chini ya kava la juu la injini, na huko inakutana na oili. Masizi yanaganda, yanateremka na oili mpaka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na yanakwenda kukaa kwenye chujio la mdomo wa pampu. Ukilifungua chujio hilo kwenye injini iliyopuuzwa utaona ukoko mweusi, mgumu, umeziba matundu kama ukoko wa ugali ulioungulia chini ya sufuria. Taa ya oili kwenye dashibodi inaweza isiwake mpaka dakika ya mwisho, maana presha ndogo inatosha kuizima. Tabo haina subira hiyo. Beringi zake zinaelea juu ya utando wa oili. Utando ukikatika kwa sekunde chache kwenye mizunguko 100,000, shafti inaanza kula shaba.

Kwa hiyo kabla hujalipia tabo, fanya mambo mawili. Sikiliza injini ikiwa ya baridi: mlio wa "chuf, chuf" unaotoka sehemu ya juu, au lami nyeusi inayozunguka shingo ya injekta, ni washa hizo. Badilisha zote nne kwa pamoja, na viti vyake visafishwe kabla ya kuweka mpya. Washa mpya juu ya kaboni ya zamani itavuja tena. Kisha fungua sampu ya chini ya bati uone chujio kwa macho yako. Fundi asiyetaka kuifungua aingize angalau kamera ya nyoka kupitia tundu la bolti ya kumwagia oili. Ukikuta ukoko, safisha, weka oili ya bei nafuu na filta mpya, tembeza kama kilomita 500, mwaga, ndipo uweke oili nzuri. Injini hii inachukua karibu lita 7, kwa hiyo piga hesabu ya lita 14 na filta mbili. Watu wanaiona hasara. Bei ya tabo ndiyo itakayowasahihisha.

Ukipokea tabo, ikague dukani. Izungushe kwa kidole: izunguke kwa ulaini bila kukwaruza popote. Isukume shafti juu na chini. Mchezo mdogo sana wa pembeni ni wa kawaida kwa sababu hakuna oili ndani, ila gurudumu lisiguse hausingi hata ukilielemea. Ivute mbele na nyuma; hapo usisikie kitu, au usikie kwa shida. Tazama skrubu ndogo ya kikomo karibu na mkono wa mota. Ndiyo inayoweka kiwango cha chini cha vibapa vinavyojifunga na kujifungua upande wa ekzosi, na inapangwa kwenye mashine ya kupima mtiririko, siyo kwa jicho. Kama rangi au muhuri wake umevunjwa, irudishe. Omba karatasi ya kupimwa mizani ya moyo wa tabo (shafti, beringi na magurudumu yake) ikiwa na namba inayofanana na iliyogongwa kwenye chuma. Muuzaji asiye nayo anakuuzia bahati. Namba ya tabo ya kiwandani ya Vigo 3.0 ni 17201-0L040, na tabo ya bileti lazima iwe imetengenezwa kwa msingi huo. Usikubali kubebeshwa ya 2KD, ile injini ya cc 2,494, haziingiliani.

Kufunga ni kazi ya siku nzima kwa fundi anayeijua. Jioni ya kabla, nati za manifodi na za bomba la ekzosi zinyunyiziwe dawa ya kulegeza kutu, na zirudiwe asubuhi. Stadi (bolti isiyo na kichwa) ikikatika ndani ya manifodi, siku moja inageuka mbili. Kisha ondoa waya hasi wa betri, mwaga maji ya rejeta kwa sababu tabo hii inapozwa kwa oili na kwa maji, toa intakula ya juu, ngao za joto, plagi ya mota, mabomba ya maji na oili, bomba la ekzosi, na mwisho nati za tabo. Kila mdomo ulio wazi uzibwe kwa kitambaa safi papo hapo. Nati moja ikidumbukia kwenye manifodi itatokea kwenye gurudumu jipya.

Vitu vipya vya lazima: gasketi zote tatu (manifodi, bomba la ekzosi, bomba la kurudisha oili), washa mbili kwa kila bolti yenye tundu ya bomba la oili, washa za mabomba ya maji, kulanti, oili na filta. Bomba la kupeleka oili libadilishwe pia. Kaboni iliyoganda ndani yake haitoki kwa kupulizia upepo. Bomba la kurudisha oili literemke bila kona wala kubanwa. Oili inatoka kwenye tabo kwa uzito wake tu, haisukumwi, kwa hiyo likijikunja au presha ya gesi ndani ya injini ikizidi, oili inatafuta njia nyingine na inapenya kwenye sili. Hapo ndipo tabo mpya inaposingiziwa kuvujisha.

Usikubali silikoni kwenye gasketi za oili za tabo. Fundi mwingi anaipaka kwa nia njema. Inayojitokeza kwa ndani inakauka, inakatika, inaziba tundu dogo kuliko bua la njiti ya kiberiti. Gasketi ya bati iwekwe kavu.

Kabla ya kuwasha, jaza oili kwenye tundu la juu la tabo kwa bomba la sindano, kama mililita 20, huku ukizungusha gurudumu kwa kidole. Chomoa plagi nne za injekta, piga stata sekunde 10, pumzika nusu dakika, rudia mara tatu au mpaka taa ya oili izime. Rudisha plagi, washa, acha injini isailensi dakika tano bila kugusa mguu wa mafuta, ukiangalia uvujaji. Makosa yaliyoandikwa kwenye kompyuta kwa kuchomoa plagi yafutwe kwa mashine. Mwombe mtu awashe na kuzima swichi ukiutazama mkono wa mota: utembee bila kusita wala kukwama. Kilomita 500 za kwanza usibebe mzigo mkubwa wala kukanyaga mpaka chini, na oili imwagwe ikifika 1,000.

Matatizo yanayokuja baadaye yana dalili zake. Mlio mkali kama king'ora unaopanda na mwendo mara nyingi ni mpira wa hewa uliolegea au intakula iliyopasuka. Zibeni mdomo wa kuingizia hewa, jaza upepo wa kama bar 1, pakeni maji ya sabuni, povu litakuonyesha. Kosa P0299 linasema presha haitoshi: anza na uvujaji huo huo kabla ya kuilaumu tabo. P0234 linasema presha imezidi, na kwa tabo yenye vibapa maana yake ya kwanza ni masizi yamevikamata, hasa gari linalotembea mjini tu bila kupata mlima. Moshi wa bluu asubuhi baada ya gari kulala ni oili inayoteremka; angalia bomba la kurudisha kwanza. Utando mwembamba wa oili ndani ya mpira wa intakula ni wa kawaida, unatoka kwenye gesi ya injini. Kikombe kizima cha oili siyo kawaida.

Kisha vumbi. Bileti haiogopi presha, ila vumbi inaliogopa kama gurudumu lingine lolote. Njia za mbugani zinamaliza tabo kupitia kiungio kilicholegea kati ya ea klina na tabo, siyo kupitia ea klina yenyewe. Pitisha kidole ndani ya bomba baada ya ea klina: ukitoka na unga mwekundu, kuna mahali panapita hewa isiyochujwa, na ncha za gurudumu zimeshaanza kulika. Klampu mpya ni pesa ndogo. Oili ya 15W-40 ya daraja CI-4 ibadilishwe kila kilomita 5,000 kwa gari la vumbi, hata kama kibandiko cha muuzaji kinaruhusu zaidi.

Klachi ya kiwandani inahimili kama programu haijaguswa. Ikiguswa, itaanza kuteleza gia ya nne na ya tano mlimani, na hilo liingizwe kwenye bajeti mapema. Bomba kubwa la ekzosi linasaidia kidogo; kelele linaongeza zaidi.

Ukilinganisha na njia nyingine: tabo mpya ya kiwandani inabaki chaguo bora kwa gari la mjini, na haina mjadala wa kuchelewa. Ya mtumba bei yake inavutia, lakini hujui ilikufa injini gani ikaachwa hai yenyewe. Bila kuifungua upande wa moto na kuona vibapa, usiiguse. Kubadilisha moyo tu ndani ya hausingi yako kunafaa ikiwa vibapa ni safi na kuna mtu mwenye mashine ya kupanga skrubu ya kikomo. Bila mashine hiyo, unanunua P0234.

Tabo ya zamani usiipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu siku hiyohiyo. Mota yake ya umeme ikiwa nzima ni spea ghali kuliko chuma chote kilichobaki, na baadhi ya tabo za bileti zinauzwa bila mota: utahitaji kuihamisha, na plagi yake ipulizwe na kukaushwa kabla ya kuchomekwa upya.